Moja na Moja, Taa Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Kibiriti kamwuliza mjomba wake.

Niandike taratibu, maana nina hasira na mwandiko unapinda. Kibiriti ni binti yangu, wa pekee, mwaka wa kwanza chuo cha ufundi. Jina hilo nilimpa mimi alipokuwa mchanga: mdogo, mwembamba, ukimgusa vibaya anawaka. Ijumaa ana mtihani wa maabara. Anatakiwa aunde saketi inayojumlisha. Namba mbili ndogo zinaingia kwa swichi, jibu linatoka kwa taa. Mtihani huu alishaufanya mara moja akaanguka. Ijumaa ndiyo nafasi ya mwisho. Akianguka tena anafungasha virago, chuo basi.

Na mimi ni nani? Fundi wa redio, pasi, feni na kila chenye waya, hapahapa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mtoto huyu amekulia juu ya meza yangu. Alijua kushika mita ya kupimia umeme kabla hajajua kushika kijiko. Leo amechukua kitabu chake, amepita mbele ya meza yangu, amesema shikamoo Baba, amevuka barabara na kuingia kwa shemeji yangu.

Shemeji anauza simu. Anajiita Injinia. Uinjinia wake ni kubadilisha vioo vya simu na kunukia manukato. Nimemwona kwa macho yangu akimchorea mtoto vitu hewani kwa kidole, mtoto anaitikia kwa kichwa.

Nimemwuliza mke wangu kama ameona. Yeye ni fundi cherehani. Tunagawana chumba, kuna mstari wa chaki sakafuni: waya zangu huku, vitambaa vyake kule. Amesema ameona, na kwamba mtoto kumwuliza mjomba wake si kesi. Nimemwambia haoni mbali. Ameniambia nimekanyaga upande wake.

Azimio: kufikia Alhamisi nitakuwa nazijua hesabu hizo kuliko Injinia. Nitazigusia mezani, kana kwamba zimenitoka tu. Mtoto atabaki mdomo wazi.

Jumanne, 4 Juni

Kibiriti kaenda darasani, kitabu kakiacha. Nimefunga duka kwa muda. Mteja wa feni amegonga, nimenyamaza kimya chini ya meza.

Kitabu chenyewe si kigumu. Nashangaa watu wanaanguka. Kuna vitu vinaitwa mageti. Umeme unaingia kwa njia mbili, unatoka kwa moja au hautoki. Geti la NA: linatoa umeme pale tu njia zote mbili zina umeme. Hiyo ni swichi mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja, nimezifunga maisha yangu yote. Geti la AU: njia moja ikiwa na umeme yatosha, na zote mbili zikiwa nao pia sawa. Swichi mbili za kengele moja, mlango wa mbele na wa nyuma. Nimecheka peke yangu kwa raha.

Halafu kuna la tatu. AU-PEKEE. Hili ni kichekesho. Ukiliingizia umeme njia moja, linawasha. Njia ya pili, linawasha. Ukiliingizia zote mbili, linazima! Kifaa cha namna hiyo kikiletwa hapa dukani nakiandikia tiketi, nakitengeneza. Nimeruka ukurasa huo. Uliofuata ulikuwa na habari za kubeba, kutoka safu hadi safu, michoro mingi. Usingizi ukanipitia.

Wakati wa chakula nimeanza mpango. Nimesema naomba chumvi NA maji, vyote viwili, la sivyo sitakula. Nikaangalia athari. Kibiriti ameniwekea kiganja kwenye paji la uso na kuuliza kama nina homa. Kiganja kilikuwa cha baridi, kizuri. Nikasema labda kidogo.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwendea Injinia dukani kwake, mbele za wateja, nimwumbue. Nimemwuliza kwa sauti geti la AU ni nini. Akajibu, na alijibu sawa, jambo ambalo sikulitegemea. Kisha akaniuliza yeye: kwenye mashine hizo, moja ukijumlisha na moja inakuwaje?

Nikamwambia mbili. Hata mtoto wa chekechea anajua.

Akacheka mpaka akashika kaunta. Akasema kwenye mashine hizo hakuna mbili, kuna sufuri na moja tu. Moja na moja, akasema, unaandika sufuri. Wateja wakacheka naye, pamoja na yule mama niliyemtengenezea pasi wiki jana.

Nimerudi mbio. Si kwa kuchekwa, hilo nimezoea. Ni kwa kuwa sasa nimejua. Moja na moja, sufuri! Huyu ndiye anayemfundisha mwanangu. Kwa hesabu hizo ndiyo maana alianguka mara ya kwanza. Na Ijumaa anakwenda tena na sumu ileile kichwani.

Lazima nimwokoe. Nimechukua swichi mbili, balbu mbili, ubao. Nitamwonyesha kwa macho: swichi moja, taa moja, swichi mbili, taa mbili. Nimechomeka. Kishindo. Nyumba nzima giza, cherehani ya mke wangu imesimama katikati ya gauni la bibi harusi. Amevuka mstari wa chaki, amechukua ubao wangu, amerudi nao upande wake, ameukalia.

Kibiriti karudi akanikuta nabadilisha fyuzi. Amenishikia tochi kama zamani, alipokuwa anasimama juu ya kigoda. Nilitaka kumwuliza kwa nini haniulizi mimi. Nikasema ashushe tochi kidogo.

Jumatano hiihii, baadaye

Nimemsikia akiongea na mama yake jikoni. Kasema hiyo Ijumaa anaiota kila usiku. Kasema akifukuzwa hajui atamtazamaje Baba. Mama yake akamwambia Baba atamtazama vilevile, kwa jicho moja kwenye feni. Wakacheka. Mimi sikucheka. Nimesafisha feni ambayo haikuwa chafu.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimefanya jambo kubwa na jema.

Kibiriti ameimaliza saketi. Imekaa meza ya kulia chakula: kibao cheupe chenye vitundu, swichi nne, vitaa vitatu, waya za rangi zilizokatwa sawasawa, hakuna hata moja iliyoning'inia. Mkono huo ni wangu. Nimesimama nimeutazama mpaka chai yangu ikapoa. Katikati kuna chipu tatu nyeusi, ndogo, zenye miguu kumi na minne kila moja. Moja ya NA, moja ya AU, moja ya ule upuuzi wa AU-PEKEE.

Amekwenda kusukwa nywele kwa ajili ya kesho. Amesema mtu asiguse. Amesema hivyo akinitazama mimi. Lakini anaposema mtu, anamaanisha watu baki. Mimi ni baba yake.

Nimebonyeza swichi ya kwanza. Kitaa cha kwanza kikawaka. Vizuri. Nimeizima, nimebonyeza ya pili. Kikawaka. Safi kabisa. Nimebonyeza zote mbili pamoja. Kitaa cha kwanza kikazima! Cha pili kikawaka peke yake. Moja na moja, taa moja.

Moyo ulinipasuka. Ufundi wangu wote una kanuni moja: taa iliyozima ni mgonjwa. Nimefuata waya kwa mita. Tatizo ni ile chipu ya AU-PEKEE, inakata umeme pale hasa unapohitajika. Injinia ndiye aliyemwambia aiweke, sina shaka.

Nimekimbia duka la spea mtaa wa pili, nikanunua chipu nyingine ya AU. Umbo lilelile, miguu ileile, inaingia vitundu vilevile. Nimechomoa ile, nimetia hii, nimebonyeza swichi zote mbili.

Taa mbili! Moja na moja, taa mbili, zinang'aa kama macho ya mtoto. Zile swichi nyingine mbili sikuzijaribu. Sipendi kuingilia sana kazi ya mtu.

Chipu yake mbovu nimeitia mfuko wa shati. Karudi na nywele zake, amependeza. Amenitazama, akauliza kwa nini natabasamu. Nimesema nimepata mteja.

Sitamwambia. Baba wa kweli hajitangazi. Nitamwambia Jumamosi.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika kabla sijavua viatu.

Nimekwenda chuoni. Nilibeba chakula chake kama kisingizio, kwa shati lile la jana. Maabara iko chini, ina madirisha ya vioo vya kupindua, na nje yake kuna kitanda cha maua. Nimesimama ndani ya maua.

Mwalimu wa maabara ni mama mmoja mnene, miwani imefungwa kamba shingoni, hatabasamu. Amefika kwa Kibiriti. Amebonyeza swichi mbili. Moja na moja. Vitaa viwili vikawaka, sawasawa na jana. Furaha ikanizidi. Nikamwinulia mwanangu kidole gumba pale dirishani.

Akaniona. Akatazama vitaa. Akanitazama tena mimi, na kidole changu. Uso wake ukashuka wote kwa mara moja, kama pazia lililokatika kamba.

Nikamsikia mwalimu akisema moja na moja haiwi tatu. Tatu! Vitaa viwili kwao ni tatu, sijui kwa hesabu gani. Akasema anampa muda mpaka atakapomaliza kukagua meza za wengine. Asipoirekebisha, basi, wameshamaliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna kitu sikukielewa. Nikagusa mfuko wa shati: chipu yake ninayo! Nikaitoa nimpitishie dirishani. Vidole hivi vinavyoshika skrubu ndogo kuliko mchele vikanisaliti. Ikaponyoka. Ikaanguka ndani ya maua.

Nimepiga magoti kwenye matope, natafuta. Mlinzi akanishika ukosi. Akauliza natafuta nini. Nikasema AU-PEKEE. Akauliza huyo ni nani. Nikashindwa kueleza, nikaanza kulia, mtu mzima, ndevu zina mvi. Akanitoa mpaka getini, kwa heshima lakini kwa nguvu. Chakula tumekula yeye na mimi, maana kilikuwa kinapoa.

Wanafunzi walianza kutoka. Kibiriti hakutoka. Nilifikiria nitamwambia nini mama yake. Nilifikiria kigoda chake, bado kiko chini ya meza yangu. Nikajiambia akitoka analia, nauza vyombo vyangu vyote, namwendea yule mwalimu na kumwangukia miguuni.

Akatoka wa mwisho. Hakuwa analia. Alinipita, kisha akasimama akanisubiri.

Tumetembea hadi kona ya kinyozi. Hapo akaanza kusimulia, taratibu. Kasema alipoona kidole changu alijua mkono umepita kwenye kibao, ila hakujua umegusa wapi. Akafumba macho. Kisha akaanza kama nilivyomfundisha redio: kwanza umeme unaingia? Halafu mguu kwa mguu, usiruke hata mmoja, usiamini chochote mpaka mita iseme. Akafika kwenye chipu, akasoma namba yake mgongoni. Akamwomba mwalimu chipu ya AU-PEKEE, akaibadilisha mbele yake. Moja na moja, kitaa cha kwanza kikazima, cha pili kikawaka. Mwalimu akajaribu swichi zote nne kwa kila namna. Kafaulu. Mwalimu kamwambia saketi nzuri ameziona nyingi leo, lakini aliyejua kutafuta hitilafu kwa utulivu ni yeye peke yake.

Nikauliza kwa nini alimwuliza Injinia asiniulize mimi. Nilitaka kuuliza kiume, sauti ikatoka nyembamba.

Akanitoa jani la ua begani. "Mjomba akiniona nimeshindwa sijali, Baba. Wewe nilitaka unione nimeweza."

Nimempenda mtoto huyu tangu ana uzito wa redio ndogo. Sijui kama nimewahi kumwambia. Leo pia sikusema. Nimembebea kibao chake, kwa mikono miwili, mpaka nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimelala vizuri, nimeamka na akili mpya.

Tufikiri kwa makini. Mwalimu kamsifu kwa kutafuta hitilafu. Hitilafu kaiweka nani? Mimi. Wale wenzake walikwenda na saketi nzima, hakuna aliyewakumbuka. Kwa hiyo, ukilitazama jambo hili vizuri, nani kamfaulisha?

Nimewaeleza wateja. Mama wa pasi kasema hakujua kama mimi ni mwalimu wa siri. Injinia kavuka barabara na soda ya kumpongeza mpwa wake. Nimemwambia kwa upole kwamba mafunzo ya hitilafu ni njia ya zamani, inataka uzoefu, asijaribu. Kaniangalia sana. Soda kaniachia.

Mpango: muhula ujao naweka hitilafu mbili. Atakuwa wa kwanza chuo kizima.

Mke wangu alikuwa anasikiliza. Hakuinua sauti. Kachukua chaki yake ya kukatia nguo, kaizungushia meza anayosomea Kibiriti mstari mnene, kaurudia mara mbili. Kisha Kibiriti kanisimamisha, kaninyanyua mkono wa kulia, kaniapisha: sitagusa kitu chake chochote mpaka nijue kinafanya nini. Nimeapa. Akasema basi kesho anifundishe, ili nisikae na kiapo bila faida. Alisema anacheka, ila alikuwa haniachii mkono.

Jumapili, 9 Juni

Tumekaa wawili. Yeye kwenye kiti, mimi kwenye kigoda chake, magoti yamenifika kidevuni.

Kaanza na AU-PEKEE. Kaniuliza taa ya ngazi za ghorofa, yenye swichi chini na swichi juu, huwa naifungaje. Nikamwambia. Ukibonyeza chini inawaka. Ukifika juu, ukabonyeza, inazima. Akanitazama. Ikanijia. Ni ileile! Upuuzi wa AU-PEKEE nimewafungia watu nusu ya mji huu, na nikalipwa.

Kubeba ndiko kulikonisumbua. Kasema kila kitaa ni chumba. Chumba cha kwanza hulala mmoja tu. Wakija wawili hawabanani: wanageuka mtu mmoja mnene, anahamia chumba cha pili, na cha kwanza kinabaki kitupu, taa imezimwa. Si ugonjwa, Baba. Kimehamwa. Geti la AU-PEKEE linazima chumba cha kwanza, geti la NA linawasha cha pili. Vikiwaka vyote, maana yake kuna mnene na mwembamba, jumla tatu.

Aliweka vidole vyangu juu ya swichi, vyake juu ya vyangu, akabonyeza. Ana alama ndogo ya kuungua kwenye kidole cha shahada, ya kulehemu, aliipata mezani kwangu. Nilikuwa nimeisahau. Sikusikia alichosema baada ya hapo. Akauliza nimeelewa. Nikasema kidogo.

Akasema hamna shida, Jumapili ijayo turudie.

Jumapili, 16 Juni

Kwanza ukweli, maana hapa hasomi mtu mwingine. Nimeelewa. Nilielewa tangu Jumatatu, nikiwa na pasi ya mtu mkononi. Yote: vyumba, wanene, mpaka kule kwenye safu ya pili ambako inabidi kujumlisha vitu vitatu kwa mpigo. Nimezichora saketi zake kwa chaki nyuma ya mlango, kisha nikafuta.

Leo Kibiriti kaja na kibao, kavuta kiti karibu. Kaniuliza tatu na moja. Jibu nililiona kabla hajamaliza: vitaa viwili vya kwanza vimezima, cha tatu kimewaka, nne safi. Nikamtazama. Nywele zimeanza kufumuka kando ya sikio. Kashika mita kwa mkono wa kushoto, kama mimi. Akijua nimeelewa atafunga kibao, atasema hongera Baba, ataondoka na wenzake.

Nikakuna kichwa. Nikasema: taa nne?

Akashusha pumzi. Hakukasirika. Akachukua vidole vyangu, akaviweka tena juu ya swichi. Mke wangu, upande wake wa mstari, akasema bila kuinua kichwa kwamba ameolewa na mtu mzito sana. Halafu akainamia cherehani, mabega yakitikisika.

Nimeupanga mpango vizuri, safari hii hauna kasoro. Mwaka wa pili wana kutoa. Mwaka wa tatu wana kuzidisha. Nikijitahidi, sitaelewa hata kimoja mpaka amalize chuo.